Barua ya wazi kwa viongozi wa chama changu: mimi ndo niliyeshika tochi

Mbukwenyi viongozi wangu. Mlionizidi umri shikamooni, wadogo zangu nawaitikia marahaba hata kama hamjaniamkia, najua mna haraka. Mimi ni mwanachama wa kawaida kabisa, siku ya mnada nauza chai na maandazi na siku zingine nipo shambani, kijiji chetu kipo wilaya ya Chamwino, ndani ndani huko, ukishaacha lami unavuka makorongo matatu ndo unafika. Jina la kijiji sitaji, na la chama sitaji pia, sio uoga, nataka msome jambo lenyewe msianze kuulizana nani kasema. Wenyewe mtajijua. Na nadhani hata wa vyama vingine wakisoma watajiona humu.

Nianze na siku yenyewe ya kura za maoni za udiwani, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wetu. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nane, msimu ule upepo wa kwetu unavuma mpaka mchanga unaingia kwenye unga wa ngano, watu wameshavuna uwele na mtama, wengine wapo wanapura alizeti, wengine wamepanda gari wameenda Nzuguni kuangalia maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Tuliambiwa saa mbili asubuhi kila mwenye kadi awe ofisi ya tawi. Tukaja. Wazee walikaa chini ya mbuyu, kina mama wenye watoto wakaegemea ukuta, saa nne ikapita, saa sita ikapita, mimi nikauza maandazi yote mpaka yale ya kuungua. Saa tisa alasiri ndo tukasikia pikipiki, msimamizi kaja na sanduku.

Sanduku lilikuwa ndoo ya rangi ya lita ishirini. Mfuniko umetobolewa kwa kisu cha moto, pembeni imezungushiwa selotepu. Sina shida na ndoo mimi, maana alitufunulia tukaona ndani tupu, akafunga mbele yetu, inatosha. Karatasi zilikuwa za daftari la mistari, zimekatwa kwa rula, zimegongwa muhuri kwa nyuma, unaandika mwenyewe jina la unayemtaka. Sasa hapo ndo palikuwa na kazi, kwa sababu sisi kule wazee wetu wengi hawajui kuandika, na kumnong'oneza mtu akuandikie maana yake siri imeisha, na ukizingatia anayekuandikia ni mpambe wa mmojawapo basi ndo kabisa.

Nikamkumbuka marehemu baba mkwe. Alikuwa anapenda kutuhadithia uchaguzi wa 1965, ule wa kwanza wa chama kimoja, ambapo karibu kila jimbo walikuwa wagombea wawili tu, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Asiyejua kusoma hahitaji msaada wa mtu, jembe analijua na nyumba anaijua. Mzee alikuwa anasema yeye alipiga jembe, na anavyolisema utadhani katoka kituoni sasa hivi. Miaka sitini imepita, tunapewa kipande cha daftari cheupe.

Basi kuna bibi mmoja, sitamtaja, akachukua kalamu akainama nayo muda mrefu mpaka watu kwenye foleni wakaanza kulalamika. Tulipokuja kuhesabu nikajua alikuwa anafanya nini, alikuwa anachora miwani. Wagombea watatu, anayevaa miwani ni mmoja tu, yule mwalimu mstaafu. Miwani imechorwa vizuri, vioo viwili na vile vya kushikia masikioni. Msimamizi akaigeuza akaiangalia akasema imeharibika. Sikubishana naye, kanuni ni kanuni, ila mpaka leo nikimwona yule bibi nashindwa kumwangalia machoni, anajua kapiga kura na mimi najua haikuingia.

Kuhesabu kulianza giza limeshaingia. Taa ya sola ya ofisi betri ilishakufa siku nyingi, msimamizi akauliza nani ana simu ina chaji, na mimi kwa sababu ya biashara nina kisola cha kuchajia, simu yangu ilikuwa imejaa. Ndo nikashika tochi. Nimesimama pale juu ya benchi kama saa nzima, mkono mmoja ukichoka nahamishia mwingine, chini yangu kuna msimamizi, katibu wa tawi na mawakala wa wagombea wote watatu. Kila karatasi ilifunuliwa, ikasomwa kwa sauti, ikaonyeshwa kwenye mwanga, ikawekwa kwenye fungu lake. Fungu tatu na zilizoharibika pembeni. Zikahesabiwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wakala mmoja alisema mbili zimegandana, na kweli zilikuwa zimegandana. Kwakweli nawapongeza, ilikuwa hesabu safi kabisa. Mwalimu aliongoza, wa pili akawa mwenye mashine ya kusaga, wa tatu yule kijana wa bodaboda.

Wakaandika kwenye karatasi moja, wakasaini wote. Nikamwomba msimamizi nipige picha ile karatasi. Akaniambia mama hapana, hizi ni siri za chama. Nikasema basi iandikeni hapa ukutani kwa chaki watu wakija asubuhi wasome. Akasema matokeo yatatangazwa kata. Karatasi ikaingia kwenye ndoo pamoja na kura, selotepu ikazungushwa, ndoo ikapakiwa kwenye pikipiki, ikaondoka. Taa nyekundu ya nyuma ikapotelea korongoni. Yani simu yangu ilimulika hesabu yote lakini kupiga picha ya jibu ikakatazwa!

Kesho yake mchana tukasikia aliyeongoza kata ni mwenye mashine. Jina tu, hakuna namba. Sio ya tawi letu, sio ya tawi lolote, tulisikia tu kwamba fulani ameongoza na majina yameenda wilayani kwa vikao.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa msinielewe vibaya. Sisemi tumeibiwa. Kata yetu ina matawi matano na letu sio kubwa, inawezekana kabisa huko kwingine mwenye mashine alishinda kwa kishindo, mashine yake inasagia vijiji vitatu, watu wanamjua, na kisima kilipoharibika mwaka juzi yeye ndo alitoa hela ya pampu. Mimi mwenyewe nasagia kwake. Inawezekana kabisa kashinda kihalali. Sijui. Hilo la kutojua ndo limenifanya niwaandikie.

Kwa sababu kijijini pakiwa na shimo la kutojua watu hawaliachi wazi, wanalijaza. Wameanza na yule dereva wa pikipiki kwamba alisimama njiani. Wakaja kwa katibu wa tawi. Alafu siku moja ya mnada mama mmoja rafiki yangu kabisa, tumebeba zege la msingi wa zahanati pamoja, akanywa chai akamaliza, akaniambia huku anacheka, wewe na tochi yako walikupa shilingi ngapi. Nikadhani utani. Wiki iliyofuata sufuria yangu ya chai ilibaki nusu. Iliyofuata pia. Kuna kijana aliniambia shangazi watu wanasema ulikuwa unamulika pembeni kura zibadilishwe, fikirieni, mimi nimesimama juu ya benchi mkono umekufa ganzi namulika pembeni. Hata shemeji yangu ambaye ndo alikuwa wakala wa mwalimu, alikuwepo, aliona, alisaini, anaulizwa na watu anakaa kimya kwa sababu na yeye aliambiwa ni siri za chama. Siri gani sasa hiyo inayolindwa kwa kunichafua mimi?

Mtasema mama huyu analeta mambo ya maandazi kwenye chama. Ndiyo nayaleta. Namba zile zingeandikwa ukutani usiku ule ule, hata kwa mkaa, leo ningekuwa nauza chai yangu. Kila mtu angekuja kusoma, tawi letu tumempa mwalimu kiasi hiki, sawa, huko kwingine vipi, angepigia simu ndugu yake wa kijiji cha pili amsomee wa kwao, wangejumlisha wenyewe, jioni ugomvi umekwisha. Mwenye mashine naye angekuwa mshindi wa kweli anayetembea kifua mbele. Saivi hata yeye namwonea huruma, watu wanasaga kwake huku wanamkata jicho.

Na hili sio jambo geni mnaloombwa. Mimi nimepiga kura tangu 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, na uchaguzi mkuu ukiisha kuhesabiwa kituoni matokeo yanabandikwa pale pale nje, mawakala wanapewa nakala. Kwetu huwa yanabandikwa mlango wa darasa la tatu, na yanakaa pale mpaka upepo uchane karatasi, watoto wanafanyia hesabu za kutoa. (Ya Oktoba 2025 mnayajua na nchi nzima inayajua, leo sio barua yake.) Sasa kama matokeo ya kumchagua rais wa nchi yanabandikwa mlango wa darasa la tatu, haya ya diwani wa kata yenye matawi matano yana siri gani?

Alafu nyie mnakaa Dodoma hii hii. Hebu kumbukeni Dodoma imekuwaje makao makuu. Mwaka 1973 TANU iliuliza matawi yake nchi nzima, matawi kama hili letu lenye benchi moja, yakapiga kura kuhusu kuhama Dar. Matawi 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. Tunajua namba! Nusu karne imepita, kulikuwa hakuna simu wala intaneti, barabara zenyewe mnazijua, na mpaka leo mtu anaweza kukuambia wangapi walikubali na wangapi walikataa, na hao 842 hakuna aliyewaficha kwamba walikataa. Bunge lipo, mji wa serikali Mtumba upo, Tume ya Uchaguzi ipo Njedengo, Ikulu ilizinduliwa hapa hapa Chamwino Mei 2023, vyote vimekaa juu ya hesabu ya matawi ambayo ilitajwa wazi. Sisi hesabu ya tawi letu haikufika hata asubuhi. Treni ya SGR inatoka Dar mpaka Dodoma kwa masaa matatu na kitu, namba tatu za kura kutoka korongo la tatu mpaka ofisi ya kata zimepotea mpaka leo.

Najua jibu lenu la kwanza. Mtasema kura za maoni ni maoni tu, uteuzi unafanywa na vikao. Naelewa, mimi sio mgeni wa mambo haya. Hata hiyo 1965 ya jembe na nyumba, mkutano wa wilaya ulikuwa unapendekeza majina alafu Halmashauri Kuu ya Taifa ndo inachuja inabakiza mawili. Kwaiyo vikao kuchuja ni jadi, chujeni. Mnaweza kumleta wa pili mkamwacha wa kwanza kama mna sababu, ingawa na hizo sababu mngekuwa mnatuambia ingekuwa vizuri zaidi, maana aliyekatwa anarudi huku kuishi na sisi na kila mtu anamtafutia kosa. Lakini kuchuja ni kazi yenu, namba ni zetu sisi. Maoni yangu ukishayachukua ukayaficha yanakuwa maoni ya nani tena?

Na msiseme ni maoni tu kwa sauti ile ya kudharau, kwa sababu mnajua huku kwetu kata kama hii ukishapita kura za maoni umeshapita, Oktoba watu wanaenda kukamilisha. Mwalimu wetu hana mlango mwingine. Sheria ya nchi inataka mgombea adhaminiwe na chama, mgombea binafsi hakuna. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania hilo muda mrefu, Mahakama Kuu ikamkubalia, Mahakama ya Rufani 2010 ikatengua, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013 ikasema alikuwa na haki, na mlango mpaka leo haujafunguliwa. Sawa. Kama mlango ni mmoja tu na ufunguo mnao nyie, basi angalau dirisha liwe na kioo tuone nani kaingia na kaingiaje.

Kuhusu sukari na vitenge sitasema sana. Vilipita, tena pande zaidi ya moja, na mimi nisidanganye nilipokea kitenge nimeshashona gauni na ninalivaa kanisani. Takrima, ile ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa mpaka huku kwenye mchakato wa ndani ya vyama, mnayajua kuliko mimi. Lakini nawaambia kitu kimoja nilichokiona kwa macho nikiwa juu ya benchi, kitenge hakikusaidia kitu. Waliopokea kwa huyu wengine walimpigia yule. Mwaka 2020 watia nia walioangushwa kwenye kura za maoni walivyolia kwamba wajumbe waliopiga kura hizo si watu wazuri nchi nzima ilicheka, ila mimi nilikuwa upande wa wajumbe, mtu akikununua kwa kilo ya sukari alafu ukampa mwingine kura hapo nani sio mzuri? Watu wa huku wanajua kuchagua, tena wanachagua kwa akili ya ajabu, kuna bibi kachora miwani.

Ninachoomba ni kidogo sana na hakina bajeti. Kabla ya 2029 ambapo tutarudi kwenye vitongoji na vijiji, na kabla ya 2030 ya madiwani, andikeni kwenye kanuni zenu kwamba kura za maoni zikihesabiwa tawini, namba zinaandikwa ukutani kwa tawi hapo hapo kabla ndoo haijafungwa, na mwenye simu anaruhusiwa kupiga picha, na kata wakijumlisha wanabandika na wao, tawi kwa tawi. Basi. Chaki boksi moja. Kama hela ya chaki hamna niambieni. Na mkiweza karatasi ziwe na picha za wagombea, au hata alama, rudisheni jembe na nyumba, hilo litakuwa la ziada, nitashukuru kwa niaba ya mtu ambaye hajui kama namsemea.

Katibu wa kata alinijibu nilipomfuata kwamba karatasi ya tawi letu ipo kwenye faili wilayani na kuiona mpaka niandike barua. Nimeandika, miezi mingi sasa. Wilayani wakaniambia nirudi kata. Nauli ya kwenda na kurudi mnaijua, mara mbili nimelala kwa dada yangu Chang'ombe kwa sababu gari la mwisho limeshaondoka. Nimechoka kuzunguka ndo maana naandika hapa wazi.

Na kwa kuwa mimi sikula kiapo chochote, niliombwa tochi tu, sikuombwa siri, naziweka mwenyewe. Tawi letu, udiwani, kura zilizopigwa 163. Mwalimu 96. Mwenye mashine 51. Kijana wa bodaboda 12. Zilizoharibika 4, moja ikiwa ya miwani. Mawakala watatu walisaini, wapo hai, na katibu wa tawi yupo. Kama nimekosea hata moja njooni na ile karatasi mnisahihishe mbele ya watu, siku ya mnada ndo nzuri, watu wote wanakuwepo. Ukuta wa ofisi upo na benchi lipo pale pale. Ndoo msiitafute, kuna mtu anachotea maji.

Wenu,
Mama wa chai, mnadani